Samaki Mzima Juu ya Makaa: Akishika Waya, Akiungua Nje, Akibaki Mbichi Mfupani

Jumamosi jioni simu yangu haitulii. Anayepiga huwa ni binamu, jirani wa ghorofa ya chini au shemeji wangu wa mtaa wa Pipeline, na kila mmoja ana samaki juu ya moto na shida mkononi. "Ameshika." "Ameungua lakini ndani bado kuna damu." "Nyama yote imebaki kwenye waya, sisi tunakula miiba." Nimejibu maswali haya miaka kadhaa sasa, na nimeona kwamba shida zenyewe ni chache, na nyingi huanza kabla kiberiti hakijawashwa: samaki anaingia motoni akiwa majimaji, makaa hayajawa tayari, au mpishi ana njaa kuliko subira. Viungo havina kosa, na pia haviokoi kitu.

Samaki ninayemzungumzia hasa ni tilapia, yule ngege wa Ziwa Victoria, kwa kuwa ndiye anayefika kwenye majiko ya Nairobi mara nyingi, mwenye uzito wa nusu kilo hadi robo tatu. Changu na tafi wa pwani hawana tofauti kubwa. Mbuta (sangara) mzima usimjaribu kwenye jiko la nyumbani, mnunue vipande. Upishi wenyewe ni ule rahisi: chumvi, mafuta kidogo, limau, makaa. Tafuta dalili yako hapa chini, anza na chanzo cha kwanza, na usiruke cha pili kwa sababu cha nne kinavutia zaidi.

Anashika waya, ngozi inabaki huko

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

1. *Samaki ana maji.* Ameoshwa, akatolewa kwenye beseni, akalazwa kwenye waya papo hapo. Maji yanageuka mvuke, ngozi inachemka badala ya kukauka, na ngozi iliyochemka ni gundi. Kipimo ni kidole: kipitishe ubavuni. Kikiteleza, bado. Mpanguse kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni, nje, ndani ya tumbo na chini ya mapezi ambako maji hujificha. Mpake chumvi, mwache dakika 15 hadi 20. Chumvi itavuta maji mengine yaje juu. Yapanguse hayo pia. Ni huku kupangusa mara ya pili ambako kila mtu hukuruka.

2. *Waya ni baridi.* Wengi huweka waya na samaki kwa mpigo mmoja. Waya ukae peke yake juu ya makaa dakika tano nzima. Nyunyiza tone la maji: likirukaruka na kutoweka mara moja, uko tayari. Likikaa likitoa povu, subiri.

3. *Umegeuza mapema.* Shemeji aliniambia siku moja, kwa uchungu kabisa, "Nimemgeuza mara nne na bado anashika." Nikamjibu, "Shemeji, ndiyo maana." Kila samaki hushika mwanzoni. Ngozi ikishakauka na kupata rangi, hujiachia yenyewe. Ingiza mwiko bapa chini ya mkia. Akikataa kunyanyuka, mwache dakika mbili zaidi. Tilapia wa nusu kilo anahitaji dakika saba au nane upande wa kwanza, kisha ageuzwe mara moja tu.

4. *Waya ni mchafu.* Mafuta ya nyama choma ya wiki jana yamegandamana pale. Uchome hadi mabaki yawe majivu, kisha usugue kwa nusu ya kitunguu maji kilichochomekwa kwenye uma. Ukitumia brashi ya chuma, upanguse baadaye kwa kitambaa chenye unyevu, kwani nyuzi za brashi hukatika na kuingia chakulani.

5. *Mafuta yamepakwa mahali pasipofaa.* Paka samaki, usipake waya. Mafuta kwenye waya wenye moto huungua yakawa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio unaoshika.

Kama ameshashika tayari, usivute. Ondoa waya motoni pamoja na samaki wake, hesabu dakika moja, kisha pitisha kisu chembamba kufuata nyuzi za waya, ukianzia mkiani kwenda kichwani. Ngozi kidogo utaipoteza, nyama utaiokoa.

Tiba ya kudumu ni ule waya wa kukunja, wenye majani mawili na mishikio mirefu, unaombana samaki katikati. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanatengeneza vyuma vya majiko vya kila aina, na ukieleza unachotaka watakuelewa. Ila kuna jambo moja ambalo si la mzaha: wavu wa kufugia kuku na vipande vya wavu vilivyosalia kwenye ujenzi, vile vinavyong'aa kwa kupakwa zinki, havifai kuchomea chakula. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Kama hujui waya wako umetoka wapi, usile kilichochomwa juu yake.

Nje mweusi, mfupani bado mbichi

Chanzo cha kwanza ni makaa yanayowaka ndimi za moto. Moto wa kuonekana ni wa kuchemshia chai. Makaa ya kuchomea samaki ni yale yaliyovaa majivu ya kijivu na kung'aa kwekundu kwa ndani, na kuyafikisha hapo kunachukua dakika 25 hadi 30. Weka kiganja juu ya jiko, kadiri ya shibiri moja kutoka kwenye makaa. Ukishindwa kuvumilia hata sekunde mbili, moto ni mkali mno. Ukihesabu nne au tano ndipo uondoe mkono, hapo pafaa. Kasuku moja ya makaa, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa kawaida inatosha samaki wawili. Gorogoro nzima, ule mkebe wa kilo mbili, ni ya nyama ya mbuzi.

Chanzo cha pili, ambacho watu hawakikubali: samaki bado ana barafu ndani. Sehemu kubwa ya tilapia wanaouzwa mjini wametoka kwenye friza, wengine wamesafiri kutoka China. Kwa nje anahisi laini, huku uti wa mgongo ni jiwe. Fungua tumbo uguse mfupa kwa ndani. Ukihisi baridi kali, rudi nyuma. Mwache kwenye friji usiku kucha, chini kabisa, ndani ya bakuli. Una haraka? Mfunge vizuri kwenye mfuko usiopitisha maji umzamishe kwenye maji baridi, ukiyabadilisha kila nusu saa. Samaki wa nusu kilo huhitaji kama saa moja. Usimwache juani wala kwenye sinki toka asubuhi.

Tatu, hakuchanjwa. Mchanje mikato mitatu kila ubavu, ya mshazari, ifike karibu na mfupa. Moto hupita humo, na chumvi pia. Mikato huzuia jambo jingine: ngozi inaponywea kwa joto humkunja samaki kama upinde, mkia ukaenda juu na katikati kukakosa kugusa waya. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Juu ya makaa anajikunja mwenyewe, na akishaiva ukijaribu kumkunjua anavunjika vipande.

Nne, umempaka kitu chenye sukari. Asali, sosi ya nyanya na sosi tamu za chupa zote huungua kabla nyama haijapata joto. Watu wa pwani wana jibu la hili tangu zamani: samaki wa kupaka huchomwa kwanza karibu kuiva, na rojo la nazi na ukwaju hupakwa mwishoni. Kila sosi iheshimu utaratibu huo.

Kama tayari yuko mweusi na unajua ndani hajaiva, sukuma makaa yote upande mmoja wa jiko, mlaze samaki upande usio na makaa, kisha mfunike kwa sufuria iliyopinduliwa. Mpe dakika nane hadi kumi. Jiko likiwa dogo, kama haya ya kauri yenye kiuno, hakuna upande wa kusukumia. Pangua makaa kadhaa kwa koleo na uinue waya kwa matofali mawili.

Ameiva lini? Vuta pezi la mgongoni: likitoka bila ubishi, yuko tayari. Au chungulia kwa kisu nyuma ya kichwa, mahali panene kuliko pote. Nyama iwe nyeupe isiyopenya mwanga na iachane na mfupa. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 63 hapo hapo. Ukiona nyama ya kung'aa kama kioo, mrudishe, hasa kama kuna mtoto, mzee au mjamzito mezani.

Na kuna jirani anayesisitiza kwamba samaki hawaivi vizuri Nairobi kwa sababu tuko juu sana. Ni kweli tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Maharagwe yana haki ya kulalamika. Samaki wa nyuzi 63 juu ya makaa hana kisingizio.

Anavunjika, nyama imekuwa uji

Mara nyingi kosa lilifanyika sokoni. Samaki aliyeanza kuharibika, au aliyeganda akayeyuka akagandishwa tena, nyama yake haina nguvu ya kujishika. Bonyeza ubavu kwa kidole kabla ya kulipa: shimo lijae lenyewe. Macho yawe yamejaa na maangavu, matamvua mekundu, si ya kahawia yenye utelezi. Gikomba nenda alfajiri. City Market unaweza kwenda hata adhuhuri, ila macho yako yafanye kazi. Mimi nina mama mmoja ninayenunua kwake kwa sababu ya mazungumzo haya haya:

"Mama, huyu ni wa leo?"

"Huyo ni wa jana, kastama wangu. Wa leo ni yule pale, lakini ni mdogo."

Nilimchukua mdogo, na sijahama tangu siku hiyo.

Kama samaki alikuwa mzuri, basi shuku limau. Asidi huipika nyama bila moto. Ukimlaza samaki kwenye limau au siki zaidi ya nusu saa, juu anakuwa kama chaki na chini anamung'unyika. Dakika kumi na tano zinatosha, au kamua limau akishatoka motoni, kama ninavyofanya mimi. Kinachofuata ni papai. Kuna wanaomlainisha samaki kwa papai bichi kama wanavyofanya kwa nyama ya ng'ombe. Papai lina kimeng'enya kinachovunja protini, na samaki hana ugumu wowote wa kuvunjwa. Acha kabisa.

Samaki aliyelegea tayari usimweke kwenye waya mtupu. Mfunge kwenye jani la mgomba au karatasi ya foili, aive kwa mvuke wake. Hatakuwa wa kuchoma tena, lakini ataliwa.

Mkavu, anakwama kooni kama unga

Umempita. Hakuna mengi ya kusema hapa: samaki huhitaji kama dakika kumi za moto kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, pande zote zikihesabiwa pamoja, na anaendelea kuiva dakika chache baada ya kutolewa. Mtoe akiwa karibu. Aliyekauka mtengenezee mchuzi wa nyanya na nazi, na usimwambie mgeni kwamba mpango ulikuwa mwingine.

Ana shombo, au ladha ya matope

Hizi ni shida mbili na watu huzichanganya.

Shombo hutokana na usafishaji. Angalia kwanza matamvua: muuzaji wa haraka hutoa matumbo akayaacha, na ndiyo yanayooza mapema kuliko sehemu nyingine. Yakate yote. Pili, damu iliyoganda chini ya uti wa mgongo ndani ya tumbo. Ikwangue kwa ncha ya kijiko. Tatu, ule utando mweusi unaofunika tumbo la tilapia. Hauna sumu, ni maumbile yake, lakini una harufu na unatoka kwa kusuguliwa kwa chumvi. Nne, magamba yaliyobaki karibu na mapezi na chini ya kidevu. Baada ya hayo yote, kama bado ananuka kwa ukali kama dawa ya chooni, hapo hatuzungumzii shombo. Ameoza. Limau halimfufui, na moto hauondoi kila sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani yake. Mtupe.

Matope ni habari nyingine. Ladha ile ya udongo baada ya mvua hutoka kwenye kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria na viumbe vidogo vya majini, na samaki wa bwawa huinyonya hadi ndani ya nyama. Haidhuru mtu. Kumweka kwenye maji yenye siki au limau dakika 15 hupunguza, kwa kuwa asidi huivunja jiosmini, ila haimalizi. Dawa kamili iko kwa mfugaji, anayepaswa kuwahamishia samaki kwenye maji safi siku kadhaa kabla ya kuwauza. Kwa hiyo badilisha muuzaji, usibadilishe viungo.

Mchungu

Ikiwa uchungu uko upande wa tumbo tu, nyongo ilipasuka wakati wa kumpasua. Ni kifuko kidogo cha kijani kando ya ini. Kikipasuka mbele yako, mwoshe hapo hapo kwa maji mengi na ukate sehemu iliyoguswa rangi. Ukigundua mezani, ondoa kuta za tumbo, ule mgongo.

Ikiwa uchungu uko juu ya ngozi yote, ni kitunguu saumu kilichoungua. Kisage ukipake baadaye, au kitie tumboni pamoja na tangawizi na dhania.

Ukisikia ladha ya mafuta ya taa, unajua ulichofanya. Yanahitaji kuungua yaishe kabisa kabla chakula hakijakaribia, na afadhali uwashe kwa vijiti na karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na bado kuna watu wenye akiba yao ya kuwashia jiko! Moshi wa plastiki ni sumu. Samaki aliyefukizwa nao hafai kuliwa na yeyote, hata paka.

Halafu kuna wanaoongeza makaa mabichi katikati ya upishi. Makaa mapya hutoa moshi mchungu hadi yashike. Yawashe pembeni kwanza.

Moshi unajaa, ndimi za moto zinaruka

Mafuta yanadondokea makaa. Punguza mafuta uliyopaka, msogeze samaki, funika kidogo ili moto ukose hewa. Usimwagie maji, majivu yataruka yote yamkalie samaki, na mvuke utakuunguza mkono.

Mahali pa jiko ni jambo la uhai, na hapa sina utani. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hutoa nyingi hata wakati moshi umekwisha na makaa yanang'aa vizuri. Chomea uani, juu ya paa, au kwenye baraza iliyo wazi kama mwangalizi wa jumba anaruhusu. Usilete jiko ndani ya chumba, na ukimaliza kuchoma usiliingize ndani kuota moto ile baridi ya Julai. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, acha samaki aungue. Toeni watu wote nje kwenye hewa, piga 999 au 112, na mwende hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Wanaotumia ovuni badala ya makaa wana dalili zao mbili. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha na milango, usiguse swichi yoyote ya taa, toka nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni. Kuvuja si kazi ya kujaribu kwa kiberiti wala ya kufunga kwa sabuni ya kipande. Mwite fundi wa gesi. Na ikiwa swichi kuu ya stima inaruka kila ukiwasha ovuni, usiirudishe mara ya tatu. Nyaya za nyumba nyingi za kupanga hazikutegemea mzigo huo, na anayejua ni fundi wa stima mwenye leseni.

Shida imekuja baada ya kula

Uso kuwa mwekundu na wa moto, midomo kuwasha, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio dakika chache baada ya samaki wa aina ya jodari: huenda ni histamini, inayojikusanya kwenye samaki hao wanapokosa baridi baada ya kuvuliwa. Kupika hakuiondoi. Uvimbe wa ulimi au kupumua kwa shida ni safari ya hospitali sasa hivi, iwe ni histamini au ni mzio.

Na mwiba. Tilapia ana miiba mikubwa inayoonekana, ila ile myembamba ya mbavu hupita. Kila nyumba ya Nairobi ina mtu atakayekupa tonge kubwa la ugali ulimeze bila kutafuna ili lisukume mwiba. Wakati mwingine linausukuma kweli, na wakati mwingine linauzamisha zaidi ukutani mwa koo. Kohoa, kunywa maji kidogo, mwombe mtu amulike kwa tochi; ukionekana wazi karibu na tonsili, anaweza kuutoa kwa kibanio. Usioonekana usichokonolewe kwa kidole. Ukishindwa kumeza mate, ukitema damu, ukiumia kifuani, au ukiamka kesho bado unauhisi pale pale, ni wa daktari wa masikio, pua na koo, na ugali ubaki kwenye sahani na sukuma yake.